Calke Abbey: nyumba isiyotupa kitu, na kodi iliyokaribia kuimaliza

Kisa kwa ufupi

Mwaka 1981 mwenye jumba moja kubwa katika wilaya ya Derbyshire, katikati ya Uingereza, alifariki ghafla. Hakuwa na mke wala mtoto. Mali aliyoiacha ilithaminiwa kwa pauni milioni 14 hivi, na kodi iliyodaiwa juu yake ikafika pauni milioni 8. Mrithi alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa. Kwenye karatasi mdogo huyo alikuwa tajiri, lakini fedha taslimu za kulipa deni hilo hakuwa nazo, maana karibu mali yote ilikuwa ardhi, kuta na vyombo vya ndani.

Jumba hilo ni Calke Abbey. Jina lake siwezi kulificha, kwa sababu leo liko wazi kwa umma na historia yake ndiyo somo lenyewe. Warithi wa karne ya ishirini, mawakili wao na maofisa wa serikali nitawataja kwa nafasi zao tu. Wahenga wa ukoo walioishi zamani nimewaachia majina yao.

Kisa hiki husimuliwa sana kama habari ya ukoo wa watu wa ajabu waliohifadhi nyumba yao isiguswe na wakati. Sikubaliani na masimulizi hayo. Ukoo huu haukuhifadhi nyumba, ila haukutupa vitu. Kutotupa na kutunza ni kazi mbili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyogharimu mamilioni.

Nyumba na wenyewe

Mahali hapo palikuwa na nyumba ya watawa wa shirika la Mtakatifu Augustino tangu karne ya 12. Mfalme Henry VIII alipozivunja nyumba za watawa katika miaka ya 1530, ardhi ikaingia mikononi mwa watu binafsi, na mwaka 1622 ikanunuliwa na Sir Henry Harpur. Jumba linaloonekana sasa lilijengwa kati ya 1701 na 1704 na Sir John Harpur, baroneti wa nne. Baroneti ni cheo cha kurithi kilicho chini ya cheo cha bwana wa Bunge la juu. Mwenye cheo hicho huitwa "Sir", lakini hapati kiti katika Bunge hilo.

Jumba limejengwa bondeni. Mtu anayekuja kwa njia ya bustani halioni mpaka amelikaribia, na nimekuwa nikifikiri kwamba umbo hilo la ardhi lilifaa sana tabia ya waliokuja kuishi humo.

Utajiri wao ulitokana na kodi za wapangaji wa mashamba huko Derbyshire, Staffordshire na Leicestershire, pamoja na chokaa iliyochimbwa na kuchomwa katika kijiji jirani cha Ticknall. Msomaji aliyezoea mirathi ya mafungu, ambapo mjane na kila mtoto ana sehemu yake, ashike jambo moja hapa: kwa desturi ya makabaila wa Uingereza ardhi haikugawanywa. Ilikwenda nzima kwa mtoto wa kiume wa kwanza, na wadogo zake wakatafutiwa posho, kazi ya kanisa au jeshi. Ndiyo sababu jumba, bustani na mashamba yake viliweza kukaa pamoja kwa zaidi ya miaka 300. Ndiyo sababu pia mzigo wote, siku ulipofika, ulimwangukia mtu mmoja.

Kujitenga kwa ukoo kulianza na Sir Henry, baroneti wa saba. Mwaka 1792 alimwoa Nanette Hawkins, msichana aliyekuwa mtumishi wa chumbani wa bibi mmoja wa tabaka lake. Wakubwa wenzake wakampa kisogo. Naye akazidi kujifungia, haya na upweke vikawa kama sehemu ya urithi. Ni Sir Henry huyohuyo aliyeongeza jina la Crewe katika ukoo mwaka 1808, na ndiye aliyeweka nguzo kubwa za mbele ya mlango.

Karne moja baadaye akaja Sir Vauncey Harpur Crewe, aliyerithi mwaka 1886. Huyu alipenda ndege kuliko watu. Alikusanya maelfu ya ndege waliokaushwa, mayai, vipepeo na nondo, akawapanga katika makabati ya vioo mpaka kwenye sebule kuu, chini ya picha za babu zake. Magari aliyapiga marufuku bustanini hata baada ya Uingereza nzima kuyazoea. Na binti zake, waliokuwa wakiishi naye chini ya paa moja, aliwaandikia barua zilizopelekwa na watumishi.

Katika enzi yake ukoo ulijijengea desturi iliyoamua kila kitu kilichofuata. Chumba kilipojaa, kilifungwa, na watu wakahamia kingine. Nguo zisizovaliwa, vitabu vya shule, wanasesere, mawe, vichwa vya kulungu na fremu zilizovunjika viliachwa pale vilipokuwa. Chumba alicholala Sir Vauncey utotoni kikawa ghala la pembe na vifaa vilivyochoka.

Alifariki mwaka 1924. Mwanawe wa kiume alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo cheo cha baroneti kikakoma na mali ikaenda kwa binti. Binti huyo, ili alipe kodi ya urithi, aliuza sehemu ya ndege, mayai na vipepeo vya baba yake. Baada yake, mwaka 1949, mali ikamwendea mpwa wake, ambaye baadaye alichukua jina la ukoo. Huyo, aliyefariki ghafla mwaka 1981, ndiye nitakayemwita Kaka, na mdogo wake aliyemrithi nitamwita Mdogo. Umeme uliingia Calke wakati wake, mwaka 1962.

Kodi iliyobadilisha mashamba ya Uingereza

Bila kuielewa kodi hii, kisa kizima kitaonekana kama uzembe wa ukoo mmoja tu.

Mwaka 1894 Waziri wa Fedha, Sir William Harcourt, alianzisha kodi mpya juu ya mali ya marehemu. Kiwango cha juu kilikuwa asilimia 8. Wakati huo makabaila walikuwa tayari wamebanwa: nafaka ya bei nafuu kutoka Amerika ilikuwa imeshusha kodi walizolipwa na wapangaji wa mashamba tangu mwisho wa miaka ya 1870. Kisha kiwango kikapanda. Mwaka 1919 kilifika asilimia 40 kwa mali kubwa, na mwaka 1949 asilimia 80. Vita Kuu ya Kwanza iliua baba na mwana wa koo kadhaa kwa kufuatana, na wakati wa Vita ya Pili majumba mengi yalichukuliwa na jeshi na kurudishwa yakiwa yamechakaa.

Wengi waliuza ardhi kwanza, kisha vyombo, mwisho wakabomoa nyumba na kuuza mawe na madini ya risasi yaliyoezeka paa. Katika karne ya ishirini zaidi ya majumba 1,000 yalibomolewa. Mwaka 1974 Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert, London, lilifanya maonyesho juu ya maangamizi hayo, na hapo ndipo wananchi wengi walipotambua ukubwa wa jambo.

Mwaka mmoja baadaye kodi ya zamani iliondolewa na nyingine ikashika nafasi yake. Hii mpya ilitoza hata zawadi zilizotolewa na mtu akiwa hai, ingawa kwa kiwango cha chini kuliko mali ya marehemu. Kabla ya hapo, mzee aliyempa mwanawe mali na kuishi miaka saba zaidi aliiokoa isitozwe. Mlango huo ulifungwa.

Kisha likaja suala la Mentmore, jumba la ukoo wa Rothschild lililoangukia kwa ukoo wa Rosebery. Baada ya mwenyewe kufariki mwaka 1974, serikali ilipewa nafasi ya kulichukua jumba pamoja na vyombo vyake kwa pauni milioni 2. Ikakataa. Mwaka 1977 vyombo vilipigwa mnada na peke yake vikaleta zaidi ya pauni milioni 6, vikatawanyika duniani. Aibu hiyo ilichangia kuundwa kwa National Heritage Memorial Fund mwaka 1980, mfuko wa taifa wa kununua na kuokoa vitu vya urithi. Kaka wa Calke alifariki mwaka mmoja tu baada ya mfuko huo kuzaliwa.

Mambo yalivyokwenda, 1981 hadi 1985

Baada ya mazishi, Mdogo na wadhamini wa mali walikuta hali hii: kodi ya milioni 8, na riba iliyokuwa ikiongezeka kwa zaidi ya pauni 1,000 kwa siku. Paa lilivuja. Plasta ilikuwa ikianguka katika vyumba ambavyo havikuwa vimekaliwa kwa vizazi. Orodha kamili ya vilivyomo haikuwepo.

Sheria ilimruhusu mrithi kulipa kodi kwa vitu badala ya fedha, iwapo vitu hivyo vina thamani ya pekee kwa taifa. Wadhamini wakapendekeza serikali ichukue jumba, vyombo na bustani, kisha vyote vipewe National Trust, jumuiya inayotunza majumba na ardhi kwa niaba ya umma.

National Trust iliipenda nyumba, lakini ilikuwa na sharti lililotokana na uzoefu mchungu: haipokei jumba lisilokuja na mtaji wa kulitunza. Paa la jumba kama hili halimalizwi kutengenezwa. Wadhamini wakajibu kwamba wataongeza ardhi nyingine ya ukoo, ili mapato yake yawe ndiyo mtaji.

Hapo ndipo shauri lilipokwama. Hazina ilisema ardhi hiyo ni mashamba ya kawaida. Haina uzuri wala historia ya kuifanya urithi wa taifa, kwa hiyo haiwezi kupokewa badala ya kodi. Jumba lingeweza kupokewa, lakini bila mtaji National Trust isingelichukua. Ardhi ingeweza kuleta mtaji, lakini haikukidhi vigezo. Kila ofisi ilifuata kanuni zake vizuri, na huku jumba likiendelea kunyeshewa.

Ikapita miaka. Shirika la SAVE Britain's Heritage, lililoanzishwa mwaka 1975, likaanza kampeni. Waandishi na wapiga picha wakaruhusiwa kuingia. Picha zilizotoka zilionyesha vyumba ambavyo saa zake zilikuwa kama zimesimama katika enzi ya Malkia Victoria, na watu ambao hawakuwahi kuisikia Calke wakaanza kuiulizia.

Machi 1984, katika hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha alitangaza kwamba serikali itatoa fedha za nyongeza kwa National Heritage Memorial Fund ili Calke iokolewe. Mchango wa mfuko huo ulikuwa pauni milioni 4.5. Fedha nyingine zilitoka kwa National Trust yenyewe na kwa wafadhili wengine. Mwaka 1985 jumba likabadili mikono.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa Kaka, kati ya 1949 na 1981, ulikuwa kutofanya lolote. Aliishi kimya, akaacha vyumba kama alivyovikuta, na hakupanga nani atashika nini akiondoka. Sababu zake naweza kuzielewa. Alilelewa katika ukoo ambao kila aliyekuwa kabla yake alifanya vivyo hivyo, na kupanga mirathi ni kukiri kwamba utakufa.

Mdogo wake na wadhamini walikuwa na njia nyingine mbele yao. Wangeweza kuita kampuni ya mnada, wauze samani bora na ndege waliobaki, walipe sehemu kubwa ya deni na kubaki na nyumba tupu. Mama yao mkubwa, yule binti wa Sir Vauncey, alifanya sehemu ya hilo baada ya 1924. Mentmore ilikuwa imewaonyesha kwamba soko lingelipa vizuri. Wao wakaamua kutovunja mkusanyiko, na wakaendelea kusema hivyo hata riba ilipokuwa ikipanda. Huu ndio uamuzi ninaouheshimu kuliko yote katika kisa hiki. Waliona kwamba kiti kimoja cha Calke kikiuzwa London ni kiti tu, lakini kikibaki chumbani mwake, karibu na daftari la mtoto na yai la ndege lenye maandishi ya 1890, kinaeleza maisha ya watu.

National Trust nayo iliamua kutengeneza bila kupamba. Paa, mabomba, kuta na sakafu vilirekebishwa kwa gharama kubwa, lakini karatasi za ukutani zilizochanika zilibandikwa pale pale zilipokuwa, rangi iliyobanduka ikaachwa, na vyumba vya ghala vikabaki ghala. Wakati huo desturi ya majumba mengine ilikuwa kurudisha uzuri wa zamani, dhahabu ing'ae na mapazia yawe mapya. Hapa wakaona kwamba uzuri wa kupambwa ungekuwa uongo, kwa kuwa Calke haikuwahi kuwa hivyo katika kumbukumbu ya mtu yeyote aliye hai.

Matokeo

Nyumba ilifunguliwa kwa umma mwaka 1989. Mdogo alipewa makazi ndani ya jumba lenyewe, akaishi humo mpaka alipofariki mwaka 1991. Nyaraka za ukoo ziko katika ofisi ya kumbukumbu ya Derbyshire, na watafiti huzisoma.

Kitu kilichowashangaza wengi zaidi kilitoka kwenye makasha. Ndani yake palikuwa na mapazia na besera ya kitanda cha kifalme, hariri ya Kichina iliyotariziwa ndege, mazimwi na maua. Inaaminika ilikuwa zawadi ya mwaka 1734 kutoka kwa Binti Mfalme Anne, mtoto wa George II, kwa bibi arusi aliyeolewa na baroneti wa tano. Sehemu kubwa ya hariri hiyo haikuwa imewahi kuning'inizwa. Kwa kuwa haikupigwa na jua kwa miaka 250, rangi zake zilikuwa kama zimetoka kwa fundi juzi. Sasa kitanda hicho cha besera kimesimamishwa nyuma ya kioo, katika mwanga hafifu.

Uchambuzi

Kitanda hicho hutolewa kama ushahidi kwamba ukoo ulijua kutunza. Mimi nakiona kama ushahidi wa kinyume chake. Hariri ilipona kwa sababu kasha halikufunguliwa, na halikufunguliwa kwa sababu hakuna aliyehitaji kilichomo. Kwenye nyumba hiyohiyo, mita chache kutoka kwenye kasha, maji ya mvua yalikuwa yakiharibu plasta. Kilichopona na kilichooza viliachwa kwa mkono mmoja. Kama paa lingevunjika juu ya kasha lile, leo tungezungumzia uzembe.

Hata hivyo sitaki kuwadharau. Kutotupa kulileta faida ambayo mtunzaji hodari asingeileta. Mtunzaji huchagua: hubakisha picha ya mchoraji maarufu na kutupa chupa ya dawa. Calke ilibakiza vyote viwili. Kwa hiyo leo inaweza kueleza maisha ya yaya, mtunza farasi na mtoto mgonjwa, watu ambao majumba yaliyopambwa huwa yamewafagia. Kukosekana kwa umeme hadi 1962 kulisaidia pia, kwa maoni yangu. Mwanga mdogo ulizihurumia nguo na karatasi, na hakuna fundi aliyebomoa kuta nusu karne kabla.

Kilichoshindwa kwanza ni mipango ya mirathi. Kaka alishika mali kwa miaka 32. Kwa miaka 26 ya mwanzo, mpaka 1975, sheria kwa jumla iliwapa wenye mali njia za kukabidhi wakiwa hai. Makabaila wengine walizitumia, wakaunda amana za kushikiwa mali na wadhamini kwa faida ya warithi, wakafungua nyumba zao kwa wageni na kuomba misaada ya ukarabati iliyokuwepo tangu 1953. Calke haikugonga mlango wowote kati ya hiyo. Aibu ya kijamii ya mwaka 1792 ilikuwa imegeuka mazoea, na mazoea hayo yalimnyima Kaka watu wa kumshauri. Mtu asiyepokea wageni hapokei ushauri pia.

Kilichoshindwa pili ni sheria yenyewe. Ilitenga kitu kizuri na kitu kinachokilisha, kana kwamba jumba linaweza kuishi bila shamba lake, wakati kwa miaka 300 kodi ya wapangaji ndiyo iliyolipa kila kigae na kila kioo. Ofisa aliyeandika kwamba ardhi ile haina sifa hakukosea kwa kanuni alizopewa. Kanuni ndizo zilizoandikwa na watu waliotazama sebule bila kuuliza sebule hiyo inalipiwa na nini. Na suluhisho lililopatikana halikuirekebisha kanuni. Lilikuwa msamaha wa mara moja, uliotolewa na waziri mmoja katika hotuba moja baada ya kelele za magazeti. Jumba lisilo na picha za kuvutia kama Calke lingeendelea kusubiri.

Kuna swali la haki ambalo wachambuzi wengi wa majumba haya hulikwepa, nami sitalikwepa. Bajeti ile ilisomwa tarehe 13 Machi 1984. Siku moja kabla, mgomo wa wachimba makaa ya mawe ulikuwa umetangazwa nchi nzima, na Derbyshire yenyewe ilikuwa na migodi na familia ambazo zingekaa karibu mwaka mzima bila mshahara. Mtu wa kijiji cha mgodi alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini fedha za umma ziende kwenye nyumba ya kabaila. Jibu ninaloweza kulitetea ni hili: fedha hazikumpa Mdogo utajiri. Jumba, vyombo na bustani vilitoka mikononi mwa ukoo moja kwa moja, na mjukuu wa mchimba makaa leo anaingia mlango ambao babu yake asingeruhusiwa kuukaribia. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimalizi uchungu wa swali, hasa kwa kuwa migodi haikupata waziri wa kuitetea.

Kuhusu uamuzi wa kuacha karatasi zilizochanika, naukubali, kwa shaka moja. Uchakavu uliositishwa si uchakavu tena. Karatasi inayobanduka Calke leo imegandishwa kwa mikono ya mafundi, unyevu wa chumba unapimwa, na mapazia hufungwa jua likiwa kali. Yote hayo ni kazi ya kila siku, na yanagharimu kuliko kupaka rangi mpya. Mgeni anayedhani anaona nyumba iliyoachwa anaangalia mojawapo ya nyumba zinazotunzwa kwa uangalifu mkubwa kabisa Uingereza. Ningependa hilo lielezwe waziwazi mlangoni, ili kazi ya mafundi hao isimezwe na hadithi ya ukoo wa ajabu.

Sheria nayo ilibadilika tena. Mwaka 1986 kodi ile iliondolewa na ikaja nyingine iliyorudisha msamaha wa zamani: mtu akimpa mwenzake mali na kuishi miaka saba, zawadi hiyo haitozwi. Tangu hapo koo nyingi za majumba zimekuwa zikikabidhi mapema, baba akihamia nyumba ndogo na mwana akishika funguo. Mwenye Calke alikuwa amefariki miaka mitano kabla.